Uvimbe wa kongosho usio wa saratani: Kinachobakizwa kina uzito sawa na kinachokatwa

UVIMBE wa kongosho unapogunduliwa, neno la kwanza linalowajia wengi ni saratani, na la pili ni kifo. Hofu hiyo haikosi msingi, kwa kuwa saratani ya kawaida ya kiungo hiki ni miongoni mwa zile zinazoua haraka zaidi. Hata hivyo, si kila uvimbe wa kongosho ni saratani. Upo usioenea kabisa, na upo wa daraja la chini ambao hukua polepole kwa miaka mingi kabla ya kuleta madhara.

Uvimbe wa namna hiyo unazidi kuonekana kadiri mashine za CT zinavyoenea. Mtu huenda hospitalini kwa sababu ya maumivu ya mgongo, mawe ya figo au ajali ya barabarani, na picha ikamwonyesha daktari jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Kwa mgonjwa kama huyo, hesabu ya upasuaji hubadilika. Mwenye saratani kali hukubali kupoteza sehemu kubwa ya kiungo mradi aokoe maisha. Mwenye uvimbe usio wa saratani huenda ana miaka 30 au 40 mbele yake, na miaka hiyo ataiishi kwa kile atakachoachiwa na kisu. Tofauti na ini, kongosho likikatwa halioti tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kongosho hulala nyuma ya tumbo la chakula, likiwa na urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Shingo yake hupita mbele ya mishipa mikubwa ya damu. Na mkia wake hufika kwenye wengu, kiungo ambacho wengine hukiita bandama. Kazi zake ni mbili. Hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo hupitia mfereji mkuu hadi kwenye utumbo, na hutoa homoni, insulini ikiwemo, ambazo huingia moja kwa moja katika damu.

Mahali uvimbe ulipo katika ramani hiyo ndipo panapoamua mengi. Uvimbe wa sentimita mbili mkiani na mwingine wa ukubwa uo huo kichwani huweza kuwa wa aina moja kabisa chini ya hadubini, lakini mmoja ukaondolewa kwa upasuaji wa wastani na mwingine ukadai mojawapo ya operesheni ngumu zaidi zinazofanywa tumboni.

Aina zenyewe

Kabla ya kuuliza uvimbe utakatwa vipi, ni lazima ijulikane ni wa aina gani, maana baadhi haustahili kukatwa hata kidogo. Upo uvimbe wenye vifuko vidogo vidogo vya majimaji mepesi, ambao karibu kamwe haugeuki kuwa saratani. Usipomsumbua mgonjwa kwa maumivu au kwa kubana viungo vya jirani, jambo la busara ni kuuacha ulivyo. Kumpasua mtu mwenye uvimbe huu kwa hofu tu ni kumtafutia ugonjwa ambao hakuwa nao.

Upo pia wenye kifuko cha ute mzito, ambao huwapata karibu wanawake pekee, hasa wa umri wa makamo, na kwa kawaida hukaa kiwiliwilini au mkiani mwa kongosho. Huu huweza kugeuka saratani baada ya miaka, ingawa miongozo ya Ulaya ya mwaka 2018 inaruhusu ule ulio chini ya sentimita nne, na usio na dalili za hatari, ufuatiliwe kwa picha badala ya kukatwa. Mwingine wa ute hukua ndani ya mifereji yenyewe. Ukiwa katika mfereji mkuu na kuupanua kufikia milimita 10 au zaidi, madaktari wengi hushauri upasuaji. Ukiwa katika vijitawi vya pembeni, mara nyingi hufuatiliwa tu.

Wasichana na wanawake wa umri wa miaka ya 20 na 30 hupatwa na aina nyingine, iliyoelezwa mwaka 1959 na daktari Mmarekani Virginia Frantz. Huweza kukua hadi ukubwa wa chungwa au zaidi bila dalili kubwa. Huhesabiwa kuwa saratani ya daraja la chini, lakini zaidi ya wagonjwa tisa kati ya 10 hupona ukiondolewa wote. Kwa msichana wa miaka 22, swali la namna ya kuuondoa lina uzito kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Kisha kuna uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza homoni. Huu hupangwa kwa madaraja kulingana na kasi ya chembe kugawanyika: daraja la kwanza ni pale ambapo chembe zinazogawanyika hazifikii asilimia tatu, la pili ni asilimia tatu hadi 20, na la tatu ni zaidi ya hapo. Mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, Steve Jobs, aligunduliwa kuwa na uvimbe wa jamii hii mwaka 2003, akapasuliwa mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011. Aliishi miaka mingi kuliko wanavyoishi wengi wenye saratani ya kawaida ya kongosho, lakini kisa chake kinaonyesha pia kwamba uvimbe wa kukua polepole si uvimbe usio na madhara.

Unaojulikana zaidi katika jamii hiyo ni ule unaomwaga insulini ovyo. Mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa au kuzirai, hasa alfajiri kabla ya kula au anapofunga. Si wachache waliotibiwa kifafa au maradhi ya akili kwa miaka kabla ya mtu kuwapima sukari wakati wa shambulio. Karibu asilimia 90 ya uvimbe huu si saratani, na mwingi hauzidi sentimita mbili.

Kuchopoa

Kwa uvimbe mdogo kama huo, njia inayohifadhi kongosho zaidi ni kuuchopoa, kama mtu anayetoa kokwa bila kulitupa tunda. Roscoe Graham wa Toronto, Kanada, alifanya hivyo mwaka 1929 na kumponya mgonjwa wa uvimbe wa insulini. Ni katika mji uo huo ambako insulini yenyewe ilikuwa imegunduliwa miaka minane tu kabla.

Faida yake ni dhahiri. Karibu kongosho lote hubaki, utumbo hauguswi, wengu hauguswi, na hatari ya kupata kisukari baadaye ni ndogo mno. Lakini kuna sharti: ni lazima uvimbe uwe mbali na mfereji mkuu, angalau milimita mbili au tatu. Ukiwa umeukaribia zaidi, mfereji huweza kujeruhiwa.

Hata sharti hilo likitimizwa, takribani theluthi moja ya wagonjwa huvuja majimaji ya kongosho baada ya kuchopolewa uvimbe. Kuvuja huko ndiko adui mkuu wa upasuaji wowote wa kiungo hiki. Majimaji hayo yameumbwa kumeng'enya nyama na mafuta, na yakitoka nje ya mfereji hayachagui. Mara nyingi hutolewa kwa mrija uliopitishwa ubavuni na jeraha hujifunga lenyewe baada ya wiki kadhaa. Wakati mwingine hula ukuta wa mshipa wa damu, na hapo maisha huwa hatarini.

Upungufu mwingine wa kuchopoa ni kwamba tezi za limfu zilizo jirani haziondolewi. Uvimbe ukichunguzwa maabarani na kupatikana kuwa wa daraja la juu kuliko ilivyodhaniwa, huenda mgonjwa akarudi mezani. Ndiyo sababu njia hii haifai pale panaposhukiwa saratani.

Mkia na wengu

Uvimbe wa kiwiliwili au mkia usioweza kuchopolewa huondolewa kwa kukata upande wa kushoto wa kongosho. Kifundi, huu ni upasuaji mwepesi kuliko ule wa kichwa, kwa kuwa hakuna utumbo wa kuunganishwa. Kisukari kipya huwapata kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya saba, na zaidi ya hapo iwapo sehemu kubwa imekatwa.

Suala linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi hapa, hasa na msomaji wa Afrika Mashariki, ni wengu. Mishipa yake ya damu hupita imeambatana na mkia wa kongosho, na kwa miaka mingi mazoea yalikuwa kuung'oa pamoja na mkia ili kurahisisha kazi. Katika saratani hilo lina maana, kwa sababu tezi zilizo karibu nao zinafaa kutolewa. Katika uvimbe usio wa saratani, mara nyingi halina.

Wengu ni mchujo wa damu. Huondoa bakteria wenye gamba gumu, wakiwemo wale wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, na husaidia kuondoa chembe za damu zilizoingiwa na vimelea vya malaria. Asiye nao huweza kuzidiwa na maambukizi katika muda wa saa chache, na malaria kwake ni hatari zaidi. Mtu anayeishi Kisumu, Busia au Kilifi hawezi kulichukulia jambo hilo sawa na mkazi wa Ulaya, ambako sehemu kubwa ya vitabu vya upasuaji imeandikwa.

Zipo njia mbili za kuubakiza. Mnamo 1988, Andrew Warshaw wa Boston, Marekani, alieleza jinsi mishipa mikuu ya wengu inavyoweza kukatwa pamoja na mkia, wengu ukaendelea kuishi kwa damu inayopitia mishipa midogo ya tumbo la chakula. Mnamo 1996, Wataru Kimura wa Japani na wenzake walichapisha njia ya kuibandua mishipa hiyo kutoka kwenye kongosho na kuihifadhi yote. Ya Kimura huchukua muda na huhitaji mkono mtulivu, lakini huupa wengu damu yake kamili. Ya Warshaw ni ya haraka, ila mara nyingine sehemu ya wengu hufa, na wengu ukiwa mkubwa kupita kiasi, kama inavyotokea kwa waliougua malaria mara kwa mara, damu hiyo ya pembeni huenda isitoshe.

Ikiwa hakuna budi wengu utolewe, chanjo dhidi ya nimonia, homa ya uti wa mgongo na bakteria wa Hib zinapaswa kutolewa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Nchini Kenya chanjo ya nimonia iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2011, kwa hiyo mtu mzima wa leo hawezi kudhani kwamba aliipata utotoni. Baada ya hapo, homa yoyote ni ya kukimbiliwa hospitalini siku iyo hiyo, si ya kungojea dawa za duka.

Kukata katikati

Uvimbe ulio shingoni huwaweka madaktari njia panda. Wakikata kuelekea kulia, hupoteza kichwa na duodeni; wakikata kuelekea kushoto, hutupa kiwiliwili na mkia vyenye afya. Kuanzia miaka ya 1980, Waitaliano Dagradi na Serio wakiwa miongoni mwa waanzilishi, uvimbe wa namna hii umekuwa ukiondolewa kwa kukata kipande cha katikati tu, kisha mkia uliobaki huunganishwa na utumbo au tumbo la chakula.

Njia hii huacha insulini ya kutosha, na wanaopata kisukari huwa ni wachache, chini ya mmoja kati ya 10. Gharama yake ni kwamba kongosho hubaki na ncha mbili zilizokatwa, na kila ncha inaweza kuvuja. Kwa mgonjwa kijana na mwenye nguvu, kuvumilia mwezi mmoja wa mrija ubavuni ili kuepuka miaka 40 ya kisukari ni biashara inayoweza kueleweka. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye moyo dhaifu, hesabu hiyo hugeuka.

Whipple na kichwa cha kongosho

Upasuaji mkubwa wa kichwa hubeba jina la Allen Whipple wa New York, ambaye mwaka 1935 alieleza wagonjwa wake wa kwanza, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa amefanya operesheni kama hiyo mwaka 1909. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni, mfuko wa nyongo, sehemu ya mfereji wa nyongo na, katika mtindo wa asili, kipande cha tumbo la chakula. Kisha huunganishwa upya mahali patatu: kongosho na utumbo, mfereji wa nyongo na utumbo, tumbo la chakula na utumbo. Mnamo 1978, Traverso na Longmire wa Marekani walieneza mtindo unaoliacha tumbo la chakula zima.

Hapa kuna kinaya ambacho wagonjwa hawaelezwi mara nyingi. Saratani inayoziba mfereji huligeuza kongosho kuwa gumu na kuupanua mfereji wake, na kongosho gumu hushika uzi vyema. Mwenye uvimbe usio wa saratani huwa na kongosho laini na mfereji mwembamba. Kulishona ni kama kushona parachichi lililoiva. Yule mwenye ugonjwa mwepesi, basi, ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kuvuja.

Hatari haziishii hapo. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki baada ya Whipple hawafiki watano kati ya 100, lakini theluthi moja au zaidi hupata matatizo ya aina moja au nyingine. Baadaye, wapo wanaopata kisukari, na walio wengi zaidi hukosa vimeng'enya vya kutosha, wakawa wanaharisha mafuta na kukonda. Hao hulazimika kumeza vidonge vya vimeng'enya kwa kila mlo, pengine maisha yao yote. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu anastahili kulijua mapema ili azungumze na daktari na, akitaka, na shehe wake, badala ya kulisoma kwenye karatasi ya dawa akiwa nyumbani.

Mbadala mmoja ni kukata kichwa na kuiacha duodeni, njia iliyoanzishwa na Mjerumani Hans Beger mwaka 1972 kwa ajili ya wenye uvimbe sugu wa maradhi ya kongosho, kisha ikatumiwa kwa uvimbe usio wa saratani. Chakula huendelea kupita njia yake ya asili, na usagaji huharibika kwa kiasi kidogo zaidi. Ugumu wake ni kwamba mishipa inayolisha duodeni na mfereji wa nyongo hupita mle mle panapokatwa. Ikijeruhiwa, viungo hivyo hukosa damu. Ni kazi ya wachache waliobobea, na haifai kujaribiwa na asiyeifanya mara kwa mara.

Kuondoa kongosho lote ndiyo hatua ya mwisho, kwa mfano pale uvimbe wa ute unapokuwa umeenea katika mfereji mkuu wote. Mgonjwa hukosa insulini kabisa, na hukosa pia homoni inayoipandisha sukari inaposhuka. Sukari yake huyumba pande zote mbili. Asiye na jokofu la kuhifadhia insulini, wala kipimo cha sukari nyumbani, wala zahanati ya karibu, atapata taabu kubwa kuishi na hali hiyo.

Matundu madogo na mikono yenye uzoefu

Upasuaji wa matundu madogo umebadilisha kazi ya upande wa kushoto. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokatwa mkia kwa njia hiyo walirejea katika hali ya kujitegemea kwa siku nne, ilhali waliopasuliwa kwa mkato mpana walichukua siku sita. Kwa Whipple, mambo yalikuwa mengine. Utafiti mwingine wa Uholanzi ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya vifo: watano kati ya wagonjwa 50 waliofanyiwa kwa matundu madogo, dhidi ya mmoja kati ya 49 waliofanyiwa kwa mkato mpana. Kovu dogo, kwa hiyo, si hoja ya kutosha peke yake.

Hoja yenye nguvu zaidi ni idadi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwaangalia wagonjwa wazee wa Marekani waliokatwa kongosho. Katika hospitali zilizofanya upasuaji huo chini ya mara moja kwa mwaka, waliofariki walikuwa asilimia 16.3, katika zile zilizofanya zaidi ya mara 16 kwa mwaka, walikuwa asilimia 3.8. Anayeambiwa anahitaji kukatwa kongosho ana haki ya kumuuliza daktari amefanya operesheni ngapi za aina hiyo mwaka uliopita, na daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Uvimbe wa kukua polepole humpa mgonjwa kitu ambacho mwenye saratani kali hana, nacho ni wakati wa kutafuta rufaa na maoni ya pili.

Kwa uvimbe mdogo wa insulini, baadhi ya vituo vya ng'ambo sasa huuchoma kwa sindano inayopitishwa kinywani kwa endoskopi, bila kukata chochote. Njia hiyo inawafaa hasa wasioweza kuhimili upasuaji, lakini haimpi daktari uvimbe mzima wa kuchunguza maabarani.

Baada ya upasuaji, ufuatiliaji hutegemea jibu la maabara. Aliyeondolewa kifuko cha ute kisicho na saratani mkiani humaliza safari yake hapo. Aliyekuwa na uvimbe ndani ya mifereji huendelea kupigwa picha mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kongosho lililobaki linaweza kuota mwingine. Mwenye uvimbe wa chembe za homoni hufuatiliwa kulingana na daraja lake, na ripoti ya maabara inayotaja daraja hilo ni karatasi ya kuhifadhiwa vizuri pamoja na kadi ya chanjo.